Nyumba ya mnada Mbuya si dawa ya uhaba wa makazi

Kurasa za matangazo za magazeti ya Kampala hazikosi picha za nyumba zinazopigwa mnada. Chini ya picha huandikwa namba ya kiwanja, mtaa, jina la dalali na siku ya mauzo. Wakati huohuo, makadirio yanayotajwa mara kwa mara yanaonyesha Uganda ina upungufu wa nyumba zipatazo milioni 2.4. Mambo haya mawili yakiwekwa pamoja, wazo moja huja haraka: serikali itunge sheria ya kununua nyumba za mnada kwa bei ya chini na kuzigeuza makazi ya bei nafuu.

Wazo hilo si geni. Nchini Marekani, baraza la jimbo la New Jersey lilipitisha muswada wa namna hiyo mwaka 2012, gavana Chris Christie akaukataa. California ilipita njia nyingine mwaka 2020: sheria yake iliwapa wapangaji na mashirika ya makazi siku 45 baada ya mnada wafikie au kupita bei iliyotolewa na mnunuzi wa kwanza.

Sheria ya rehani ya Uganda haina utaratibu kama huo. Lakini kabla wazo halijavuka bahari, wanaofanya biashara kati ya Kampala na Malaba, Busia, Mutukula au Katuna wana sababu nzito ya kulipinga. Nyumba inayozungumzwa mara nyingi ndiyo iliyobeba mtaji wao.

Mtaji uliolala kwenye hati

Mbuya inaonyesha jambo hili vizuri. Juu ya kilima, upande wa hospitali ya jeshi, kuna nyumba zenye ua mpana na miti ya miaka mingi. Chini yake, Kinawataka, vyumba vya kupanga vimebanana ukuta kwa ukuta. Si mbali na hapo ni Nakawa, yalipo makao makuu ya Mamlaka ya Mapato, na Barabara ya Jinja ambayo malori huifuata kwenda mipaka ya mashariki. Ni mahali panapomfaa mtu wa biashara.

Kwa mtu huyo, nyumba ni zaidi ya mahali pa kulala. Benki haikopeshi kwa kuangalia marobota ya vitenge yaliyo njiani wala mahindi yaliyo ghalani. Inataka hati ya ardhi. Hati inapelekwa, mwenzi wa ndoa anatia saini ya ridhaa kama sheria inavyotaka kwa nyumba ya familia, na mkopo unageuka mzigo wa kwanza. Nyumba ikiuzwa, familia inahama na biashara nayo inakosa mguu wa kusimamia.

Saa ya benki na saa ya mpaka

Sheria ya Rehani ya mwaka 2009 inamtaka mkopeshaji ampe mdaiwa ilani ya siku 45 za kazi ili arekebishe malipo. Asipoweza, inafuata ilani ya kuuza ya siku 21 za kazi. Jumla ni siku 66 za kazi, yaani kama miezi mitatu. Mdaiwa akitaka mahakama isimamishe mnada, kanuni za mwaka 2012 zinasema anaweza kutakiwa kuweka amana ya asilimia 30 ya thamani ya nyumba kwa mauzo ya haraka, au ya deni lililobaki. Mtu aliyekosa rejesho la mwezi mmoja atazitoa wapi fedha hizo?

Mpaka hauhesabu siku hivyo. Kivuko cha Katuna na Gatuna kati ya Uganda na Rwanda kilifungwa mwishoni mwa Februari 2019 na kufunguliwa tena 31 Januari 2022, karibu miaka mitatu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, lakini kwa masharti mapya. Katika matukio yote mawili, mfanyabiashara aliyelipa deni lake kwa uaminifu aliweza kujikuta mdaiwa sugu bila kosa lake.

Wakati wa Korona, Benki Kuu ya Uganda iliruhusu benki kupanga upya mikopo kuanzia Aprili 2020. Hatua hiyo ilionyesha kwamba inawezekana kumpa mkopaji nafasi ya kupumua. Mpaka ukifungwa kwa sababu za kisiasa, hakuna utaratibu wa namna hiyo unaoanza wenyewe.

Nyumba haiongezeki

Wanaounga mkono wazo la serikali kununua wana hoja. Wanasema nyumba za mnada huishia kwa wenye fedha wanaonunua kwa bei ya kutupa na kuuza kwa faida, huku wapangaji wa vyumba vya Kinawataka wakibaki palepale. Malalamiko hayo yana msingi. Tatizo ni dawa inayopendekezwa.

New Jersey ilikuwa na nyumba nyingi zilizobaki tupu baada ya msukosuko wa mikopo wa mwaka 2008. Kuingiza watu kwenye nyumba tupu ni kuongeza makazi. Nyumba ya rehani Mbuya kwa kawaida ina watu ndani mpaka siku dalali anapofika. Kuigeuza ya bei nafuu ni kuitoa familia moja ili iingie nyingine. Hesabu ya uhaba inabaki ileile, na aliyetolewa naye anaanza kutafuta pa kupanga.

Tena, nyumba ya kilimani ni ghali hata kwa bei ya mnada. Serikali ikiinunua na kuipangisha kwa kodi anayoiweza mchuuzi wa Kinawataka, hazina italazimika kufidia pengo mwaka baada ya mwaka. Fedha hizohizo zingejenga vyumba vingi zaidi mahali ambapo kiwanja ni cha bei rahisi.

Bei yenyewe nayo ingeumia. Sheria ikiipa serikali haki ya kununua kwanza, wanunuzi wengine watapoa, maana nani atapanda dau kwa mali anayoweza kunyang'anywa dakika ya mwisho? Tayari wanunuzi si wengi. Mkenya au Mtanzania haruhusiwi kumiliki ardhi ya mailo wala umiliki huru nchini Uganda. Anaweza kupata ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Itifaki ya Soko la Pamoja ya mwaka 2010, katika ibara ya 15, iliacha suala la ardhi mikononi mwa sheria za kila nchi. Bei ikishuka, anayeumia ni mdaiwa: ziada baada ya deni na gharama ni yake, na upungufu pia anaweza kudaiwa.

Somo lililo jirani

Anayetaka kujua serikali inavyofanya biashara ya nyumba atazame Nakawa na Naguru, jirani kabisa na Mbuya. Mwaka 2011 zaidi ya familia 1,700 ziliondolewa kwenye nyumba za zamani za umma kupisha mji wa kisasa ambao wapangaji wa zamani waliahidiwa nafasi ndani yake. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2013. Miaka kumi baada ya watu kuondolewa, sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa bado haijajengwa. Ilipogawiwa wawekezaji wengine, Bunge liliunda kamati ya kuchunguza.

Mlango wa kuanzia

Yapo mambo ya kuiga hapahapa Afrika Mashariki. Sheria za ardhi za Kenya na Tanzania zinasema nyumba ya rehani ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, inachukuliwa kwamba muuzaji amekiuka wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Kenya pia inatoa miezi mitatu ya ilani ya kwanza, kisha siku 40 za ilani ya kuuza. Wabunge wa Uganda wakitaka kuwalinda wenye nyumba, waanze na sakafu ya bei ya namna hiyo, walegeze amana ya asilimia 30 kwa mikopo midogo, na waongeze muda pale mpaka unapofungwa kwa amri ya serikali.

Mfanyabiashara aliyekwishapokea ilani naye asikae kimya. Aiandikie benki mapema kuomba mkopo upangwe upya, akiambatanisha hati za forodha zinazoonyesha mzigo ulikwama wapi. Adai kuona ripoti ya uthamini wa nyumba, ambayo haitakiwi kuwa ya zamani kupita miezi sita kabla ya mauzo. Akumbuke pia kwamba, mpaka nyundo ya dalali igongwe, sheria inamruhusu kulipa deni na kurudishiwa hati yake.