Kutu Ijifichayo Nyuma ya Pambo la Gari

Mtu apitaye kando ya gari lililozeeka katika mji wa pwani, kama vile Tanga au Mombasa, huona kwamba kutu haikulishika bati lote kwa usawa. Mara nyingi huanzia chini ya ukanda wa mapambo uliobandikwa ubavuni mwa mlango, kisha hushuka kwa michirizi ya hudhurungi. Mwenye gari hudhani kuwa ukanda huo unaong'aa ndio kinga ya mlango. Fundi aubanduapo, hukuta bati lenye unene usiofikia hata milimita 1 likiwa limekwisha toboka.

Sababu ya kwanza ni maji. Baina ya ukanda na bati hubaki mwanya mwembamba ambao huvuta maji na kuyashikilia muda mrefu baada ya sehemu nyingine kukauka. Maji hayo huchukua vumbi na chumvi iletwayo na upepo wa baharini, na ayoni za kloridi huyafanya yapitishe umeme kwa urahisi.

Sababu ya pili huwashangaza wengi. Ikiwa ukanda ni wa chuma kisichoshika kutu, juu yake pana utando mwembamba sana wa oksidi ya kromi unaouhifadhi. Palipo na mkwaruzo katika rangi, bati la kawaida huguswa na maji yaleyale yanayougusa ukanda, na endapo metali hizo mbili zimegusana mahali fulani, basi betri ndogo imekamilika. Bati huwa anodi, nalo huliwa. Ukanda huwa kathodi, nao hubaki uking'aa. Tena ubaya huzidi kwa kadiri mkwaruzo ulivyo mdogo, kwa kuwa kazi ya kathodi pana yote huelekezwa kwenye nukta moja ya anodi. Ndiyo maana tundu hupenya upesi mahali palipoonekana kuwa na dosari isiyo na maana.

Kwa hiyo kuuondoa ukanda na kuurudisha si jambo la urembo tu. Kanda za zamani zilishikwa kwa vibanio vilivyopenyezwa katika matundu ya bati. Tangu mwaka 1980, kampuni ya 3M ya Marekani ilipoanza kuuza utepe wa povu la akriliki wenye gundi pande zote mbili, njia ya kubandika imeenea sana. Gundi ya namna hii ina tabia mbili kwa pamoja: ikivutwa kwa ghafula hukaza kama mpira, ikivutwa polepole hulegea kama asali nzito. Joto huizidishia tabia ya pili. Fundi mwenye subira hukamulia kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto juu ya ukanda, kisha hupitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma yake na kuuvuta huku na huku kama msumeno. Bisibisi haifai kabisa, kwa kuwa hukwaruza rangi na kuanzisha betri ileile iliyotajwa. Vibanio vya plastiki vilivyochakaa kwa jua huvunjika. Ni heri kununua vipya.

Baada ya hapo kutu husuguliwa mpaka chuma safi kionekane, ndipo hufuata rangi ya msingi na rangi ya juu. Wengi huharibu kazi kwa haraka: rangi mbichi ingali ikitoa mvuke wa kiyeyushi, na mvuke huo huinua gundi. Rangi ikishakauka kabisa, mahali hapo hufutwa kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji, ukanda hukandamizwa kwa nguvu, na gari huachwa lisioshwe kwa saa 72, muda ambao gundi hiyo huhitaji ili ifikie nguvu yake kamili.

Wako mafundi washikiliao kuwa skrubu haina mpinzani. Huenda hivyo ni kweli kwa siku ya kwanza. Hebu ukanda wa plastiki ya ABS wenye urefu wa mita 1 ufikiriwe ukipata joto kutoka nyuzi 25 asubuhi hadi nyuzi 65 za Sentigredi juani. Chuma kilicho chini yake hurefuka kwa milimita 0.5 hivi, ilhali plastiki hurefuka kwa milimita 3.2. Povu hujinyonga kidogo na kuiruhusu tofauti hiyo. Skrubu hairuhusu: ukanda hupinda au hupasuka, na kila tundu lililotobolewa huacha ukingo wa chuma kitupu mbele ya chumvi.

Wanafunzi waweza kuliona jambo hili maabarani. Misumari mitatu ya chuma itiwe katika bilauri tatu za maji ya chumvi: wa kwanza peke yake, wa pili umezungushiwa waya mtupu wa shaba, wa tatu umefungwa kipande cha zinki kilichosafishwa vema. Baada ya siku chache msumari wenye shaba huwa umeshika kutu kupita ule wa kwanza. Ule wa tatu hubaki karibu safi, na zinki ndiyo iliwayo. Kwa ajili hiyo mabati mengi ya magari ya siku hizi hupakwa zinki tangu kiwandani.