NGAO YA MOTO: JE, CHOMBO CHA ANGANI CHAWEZA KUTENGENEZWA KABLA YA KURUDI DUNIANI?

Tarehe 1 Februari 2003, chombo cha Marekani kiitwacho Columbia kilivunjika juu ya Texas, kilipobakiza dakika 16 tu kushuka chini. Watu 7 waliokuwamo wakafa wote. Sababu ilikuwa tundu katika bawa la kushoto, lililofanyika siku ya kuondoka, tarehe 16 Januari. Basi mtu atauliza: Siku hizo zote walizokaa angani, haikuwezekana kuliziba? Swali hili ni la haki. Tulijibu kwa utaratibu.

Kwanza, moto ule watoka wapi? Wengi husema: Ni hewa kusugua chombo. Kusugua kupo, lakini siyo sababu kubwa. Yeyote aliyejaza upepo katika mpira wa kinga yake anajua kwamba pompi hupata moto, kwa sababu hewa inashindiliwa. Chombo kinarudi kwa mwendo wa kilometri karibu 28.000 kwa saa. Hewa iliyo mbele haipati nafasi ya kukimbia, inashindiliwa kwa nguvu, inawaka. Pua ya chombo na kingo za mabawa hupita digri 1.600.

Pili, ngao ile ni kitu gani? Tumboni mwa chombo walibandika matafali mepesi sana ya nyuzi za mchanga safi, yaliyojaa hewa ndani. Kwa jumla yalikuwa karibu 24.000. Penye moto kupita pote waliweka vipande vigumu vya makaa yaliyotengenezwa kwa ufundi. Vitu hivi vyashinda moto, lakini havipendi kupigwa.

Sekunde 82 baada ya Columbia kuondoka, kipande cha povu gumu, kisichofika kilo moja, kilitoka kwenye tangi kubwa, kikapiga ukingo wa bawa. Mafundi wengine wakaomba bawa lipigwe picha kutoka mbali. Wakubwa wa kazi hawakukubali. Wasafiri wakaandikiwa kwamba hakuna neno la kuogopa. Lakini Julai 2003 wachunguzi walirusha povu la namna ileile juu ya kipande cha bawa: likatoboa tundu la sentimetri karibu 40. Wachunguzi wakafikiri pia ginsi wasafiri wangaliweza kuliziba kwa vyuma vya ndani ya chombo na mifuko ya maji yenye kuganda. Dawa hiyo ilikuwa ya mashaka. Kumpeleka Atlantis kuwachukua kulionekana afadhali. Lakini njia zote mbili zilidai kwanza kujua.

Kuziba tundu angani ni kazi ngumu. Fundi anaelea, akisukuma, yeye mwenyewe anasukumwa nyuma. Glavu zake ni nene. Dawa ya kuziba sharti ishike pasipo hewa, kisha istahimili moto. Tena isitokeze juu, maana kivimbe kidogo chavuruga mwendo wa hewa na kuzidisha moto nyuma yake.

Ndiyo sababu, tangu safari ya Discovery ya Julai 2005, walianza kwa kutazama. Eileen Collins alikipindua chombo polepole karibu na kituo cha angani, wenzake wa kituoni wakapiga picha za tumbo. Wakaona vitambaa viwili vimetokeza kati ya matafali. Tarehe 3 Agosti Stephen Robinson akapelekwa chini ya tumbo kwa mkono wa mashini, akavitoa kwa vidole tu. Msumeno aliotayarishiwa haukutumika.

Agosti 2007 Endeavour ilionekana ina jeraha la sentimetri karibu 9 katika matafali. Mafundi wakapima, wakahesabu, wakajaribu mfano wake katika moto duniani, wakaamua kuliacha. Chombo kikashuka salama. Vyombo vya namna hii viliachishwa kazi mwaka 2011.

Basi jibu ni hili: pengine yawezekana kutengeneza, pengine ni afadhali kutogusa. Lakini Discovery na Endeavour hazikuokolewa na bahati. Waliotaka kujua waliruhusiwa kutazama. Kwa Columbia macho yalikuwapo, ruhusa ilikosekana. Mwenye kuongoza wengine alishike neno hilo: anayekuletea wasiwasi wake hajakutukana, na kumwambia nyamaza si kuziba tundu.