Mbele ya Mwingereza si mbele yetu

Kikao kilikuwa kifanyike Alhamisi. Mwenyekiti akapata udhuru, tukakubaliana kukisogeza mbele siku 2, hadi Jumamosi, na kazi ya kumwarifu mgeni wetu aliyekuwa Uingereza nikapewa mimi. Nikamwandikia kwamba kikao "has been brought forward by two days". Jumanne yule bwana alikaa kwenye kompyuta yake akitungoja, peke yake, mada yake tayari. Jumamosi tulipomtafuta alikuwa safarini.

Sarufi yangu haikuwa na kasoro. Kilichoniangusha ni kwamba "bring forward", ikiandamana na tarehe, humaanisha kuiwahisha. Sisi tukisikia harusi imesogezwa mbele, kila mtu anajua amepata muda zaidi wa kumalizia mchango wake. Kwa Mwingereza, muda umepungua. Kuchelewesha, kwake, ni "put back", yaani kurudisha nyuma kabisa, au "put off", au "postpone".

Nilifarijika kidogo nilipojua kwamba neno hilo la mbele huwasumbua hata wenyewe. Watafiti wa Marekani wamewauliza watu: mkutano wa Jumatano umekuwa "moved forward" siku 2, sasa utakuwa lini? Wengine hujibu Jumatatu, wengine Ijumaa. Lera Boroditsky na Michael Ramscar, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, waliwauliza watu waliokuwa uwanja wa ndege wa San Francisco. Waliokuwa wametoka tu kushuka kwenye ndege walielekea zaidi kusema Ijumaa kuliko waliokuja kupokea wageni. Mtu aliyetoka safarini hujiona yeye ndiye anayeuendea wakati. Aliyekaa akingoja huona wakati ndio unaomjia. Lakini ukiondoa "moved" ukaweka "brought", Mwingereza hapati shaka: ni mapema zaidi.

Hapo ndipo ninapowaonea huruma wanafunzi wetu. Tunawapa maneno mojamoja, kila neno na maana yake pembeni, ilhali maneno ya shughuli hutembea na wenzake. Mkutano Mwingereza "anaushika": "hold a meeting". Uchaguzi pia, na maonyesho, na mkutano na waandishi wa habari. Sherehe "anaitupa": "throw a party". Mwanafunzi anayetafsiri kutoka kichwani ataandika "make a meeting", na msomaji atamwelewa, ila atajua papo hapo kwamba neno limeingia nyumba ya jirani.

Kuna jozi zinazodanganya zaidi. "Call a meeting" ni kuitisha mkutano, sawasawa na kwetu. Ongeza kijineno "off" na mkutano umefutwa, haupo tena. Wengi huchanganya "call off" na "put off", na tofauti yake si ndogo: aliyeambiwa la kwanza hana sababu ya kuuliza tarehe mpya. Kuhudhuria ni "attend" bila kiungo; ukitia "to" baada yake unakuwa unahudumia, kama muuguzi na mgonjwa. Na "take place" haikubali kutendwa. Harusi "took place". Kamwe si "was taken place", kosa ninalolikuta mara kwa mara kwenye barua za mialiko.

Waliotambua mapema kwamba jozi hizi ni somo linalojitegemea walikuwa walimu waliofundisha Kiingereza mbali na kwao. Harold Palmer alifika Tokyo mwaka 1922, na mwaka 1933 akatoa ripoti nzima juu ya maneno yanayoandamana. A. S. Hornby, aliyefanya naye kazi hukohuko Japani, aliendelea na wenzake hadi kamusi yao ikachapishwa Tokyo mwaka 1942. Mwaka 1948 Oxford wakaitoa upya, na ndiyo mzazi wa ile kamusi nene ya wanafunzi iliyochakaa kwenye maktaba nyingi za shule zetu. Iliandikwa kwa ajili ya mgeni wa lugha, na mfano wa sentensi uliowekwa chini ya neno humwonyesha neno lile linakaa na nani. Wengi tumeifungua kutafuta maana tu, tukaifunga.

Mgeni anayejifunza Kiswahili hukutana na mzigo uleule. Anashangaa kwa nini tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga simu na hakuna anayeumia. Ndoa tunaifunga, maulidi tunayasoma, hotuba tunaitoa.

Mpwa wangu wa kidato cha 3, ambaye sasa ana daftari la jozi tu, aliniuliza juzi kama msiba nao "unatupwa". Nikamwambia hapana, mazishi huwa "held", yanashikwa. Akaandika. Kisha akauliza kuanua matanga kunaandamana na neno gani la Kiingereza. Nilimweleza kwa sentensi 3: siku za kukaa na wafiwa, mikeka inayokunjwa, watu kuagana kurudi makwao. Jozi ya maneno 2 sikuipata. Kwenye daftari mstari ule ameuacha na upande mmoja mtupu.