Kobalti: jina la jini wa Kijerumani katika udongo wa Fungurume

Huku Ubelgiji, ukitaja tu kwamba unatoka Fungurume, mtu mwenye kusoma magazeti atakujibu kwa neno moja: kobalti. Hulitamka kana kwamba lilizaliwa kwetu, kwenye barabara ya Likasi kwenda Kolwezi, huko Kongo. Lilizaliwa Ujerumani, na lilizaliwa likiwa tusi.

Katika karne ya 16, wachimbaji wa fedha wa milima ya Erzgebirge, kule Saxony, walikuwa wakikutana na jiwe zito lenye kung'aa. Wakilitia motoni hawakupata fedha wala shaba, ila moshi wa aseniki uliowachoma mapafu. Wakasema ni kazi ya Kobold, jini mdogo wa mashimoni anayeiba madini mazuri na kuacha takataka. Georgius Agricola, tabibu aliyeishi kati yao, aliandika habari za majini hao kwa uzito uleule aliotumia kuandika juu ya pampu na ngazi. Nikeli nayo ina asili ya namna hiyo, maana Nickel alikuwa pepo mwingine wa watu walewale. Waingereza na Wafaransa waliyachukua majina, majini wakawaacha hukohuko.

Katika miaka ya 1730 Georg Brandt wa Stockholm alionyesha kwamba ndani ya jiwe hilo mlikuwa na metali isiyojulikana, na kwamba ndiyo inayotia kioo rangi ya buluu. Rangi yenyewe ilikuwa ya zamani mno. Bakuli za Kichina zilizofukuliwa pwani ya Waswahili kule Gedi, au zile zilizopachikwa kwenye makaburi ya Kunduchi, buluu yake ni kobalti. Ndiyo maana mpaka leo kwa Mwingereza neno hili ni jina la rangi pia. Jiwe letu lakini ni jeusi, halina buluu hata kidogo!

Wazee wa Katanga walitafuta jiwe la kijani, malakiti. Kilima kisichoota miti, chenye nyasi na maua madogo tu, kiliwaambia kwamba chini kuna shaba. Vilima vya Fungurume ni vya aina hiyo. Shaba hiyo waliiyeyusha, wakaimimina katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikasafiri mbali. Shaba ndiyo iliyomvuta mfanyabiashara Msiri kutoka nchi ya Wasumbwa hadi Bunkeya, na Kiswahili nacho kikafuata njia za biashara hiyo. Jiwe jeusi lilibaki ardhini.

Hata Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji iliyoanzishwa 1906, ilikuja kwa ajili ya shaba. Kobalti ilitoka ndani ya shaba kama nyongeza, ikasafishwa Olen, hapahapa Ubelgiji, na nyongeza hiyo ikageuka tegemeo la dunia. Mei 1978 waasi walipoiteka Kolwezi, bei ilipanda mara kadhaa. Watengenezaji wa sumaku, walioitegemea kobalti, hawakukaa kulalamika. Miaka michache baadaye walikuwa na sumaku ya neodimi, isiyohitaji kobalti.

Kisha zikaja betri za simu na magari. Mgodi mkubwa wa Tenke Fungurume, ulioanza kuzalisha 2009, ulinunuliwa 2016 na kampuni ya Kichina CMOC kutoka kwa Freeport ya Marekani. Huko Kasulo, mtaa wa Kolwezi, jiwe jeusi lilionekana chini ya nyumba mwaka 2014, na watu wakachimba ndani ya viwanja vyao wenyewe. Creuseurs, wachimbaji wa mikono, hupeleka magunia kwenye depo, mnunuzi hupima kwa mashine yake, naye ndiye mwenye kauli. Taka za zamani za viwanda vya Kolwezi nazo zinasafishwa upya, kwa kuwa ndani yake kuna kobalti ambayo wakati ule haikuthaminiwa.

Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia sasa hutoka Kongo, lakini wanunuzi bado wanaitazama kwa jicho la wale wa Saxony: kitu chenye balaa, afadhali kuepukwa. Februari 2025, bei ikiwa imeporomoka, Kinshasa ilisimamisha usafirishaji nje, na Oktoba ikaweka mgawo kwa kila kampuni. Kwa mwenye mali ni haki yake. Ila watengenezaji wa magari wengi, wa China hasa, wameshahamia betri za fosfati ya chuma, zisizo na kobalti hata chembe, kama watu wa sumaku walivyofanya baada ya 1978.