Miradi ya Kaboni: Jua Haki Yako Kabla ya Kutia Sahihi

Mkazi wa Kajiado anayeombwa kuingiza ardhi yake katika mradi wa kaboni anashauriwa kufahamu kwanza ni nini kinachouzwa na ni sheria ipi inayomlinda.

Kaboni huondolewaje hewani?

Hewa ya ukaa hutokana na moshi wa magari, viwanda na makaa. Ikizidi angani, hunasa joto na kuvuruga misimu ya mvua. Miti huivuta na kuihifadhi kwenye shina na mizizi. Nyasi nazo huivuta, na mizizi yake inapooza, sehemu ya kaboni hubaki udongoni. Huko Gilgil, Kaunti ya Nakuru, kampuni ya Octavia Carbon imekuwa ikijaribu mashine za kuinasa moja kwa moja hewani, ila njia hii bado ni ghali.

Kwa Kajiado, hazina kubwa ni malisho. Yakipumzishwa kwa zamu, jinsi familia za Kimaasai zinavyotenga olopololi kwa ajili ya ndama, nyasi hukua na mizizi huzama. Yakilishwa bila kupumzika, udongo hubaki wazi na kupoteza kaboni yake.

Ni nini kinachouzwa?

Ardhi haiuzwi. Kinachouzwa ni krediti, na kila moja huwakilisha tani moja ya hewa ya ukaa. Hata hivyo, mkataba unaweza kudumu miaka mingi na kuweka masharti ya ulishaji mifugo.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, iliyorekebishwa mwaka wa 2023, inataka mradi wa ardhi ya jamii uwe na mkataba wa maendeleo ya jamii. Mkataba huo huipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Aidha, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka makubaliano na mwekezaji yaidhinishwe na thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo. Sahihi za viongozi pekee hazitoshi.

Mwenye hatimiliki yake binafsi, kama walivyo wengi Kitengela na katika ranchi zilizogawanywa, asitegemee kiwango hicho. Malipo yake yatatokana na mkataba atakaoutia sahihi mwenyewe.

Maswali ya kuuliza

- Mkataba ni wa miaka mingapi, na unavunjwaje?
- Malipo yatakokotolewaje, na yatatolewa lini?
- Ukame ukija, mifugo italisha wapi?
- Je, ardhi inaweza kurithiwa au kuuzwa mkataba ukiendelea?

Asiyepata majibu kwa maandishi, katika lugha anayoielewa, asitie sahihi.