Chungwa, fimbo na viazi: Namna ya kumfundisha mtoto jiografia ya dunia

JIOGRAFIA ni somo ambalo wanafunzi wengi wa shule za msingi nchini hulisoma kwa kukariri. Mtoto hutaja mabara saba bila kukosea, lakini akiulizwa kwa nini Juni ni mwezi wa baridi, hushindwa kujibu.

Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 unaliweka somo la Jiografia na Mazingira kuanzia darasa la tatu. Swali ni jinsi shule ya kijijini isiyo na tufe wala ramani za kutosha itakavyolifundisha kwa vitendo. Mazingira ya Matembwe, mkoani Njombe, yanatoa jibu: vifaa vingi vimo shambani na jikoni.

Dunia ndani ya shamba

Hatua ya kwanza ni kuchora ramani ya dunia kwa majivu kwenye uwanja wa shule. Kila mtoto huja na mbegu, jani au zao kutoka nyumbani, kisha hulipeleka mahali lilikotoka zamani.

Viazi mviringo huwekwa Peru, kwenye milima ya Andes. Mahindi na parachichi huenda Mexico. Majani ya chai, zao linalojulikana sana upande wa Lupembe, hupelekwa China, na gome la mti wa muwati hupelekwa Australia. Mtoto hutambua kuwa chakula anachokiona cha nyumbani kimevuka bahari kabla ya kufika kwao.

Safari hiyo si ya upande mmoja. Ulezi asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na kutoka huku ulifika India maelfu ya miaka iliyopita. Vilevile, mwaka 2022 Tanzania na China zilitiliana saini makubaliano yaliyofungua soko la parachichi la nchi hiyo. Hivyo, mtoto wa mkulima wa Njombe anapoitafuta China kwenye majivu, anatafuta mahali ambako mazao ya wazazi wake yanaweza kuuzwa.

Fimbo na kivuli

Zoezi la pili linahitaji fimbo ya urefu wa mita moja, iliyosimikwa wima mahali tambarare. Wanafunzi hupima kivuli chake kikiwa kifupi kuliko wakati mwingine wowote wa siku, ambao kwa Njombe huwa kati ya saa 6:20 na saa 7:00 mchana. Waelekezwe kutazama kivuli tu, kamwe wasilikazie jua macho.

Matembwe iko karibu digrii 9 kusini mwa Ikweta. Kwa sababu hiyo, mwishoni mwa Juni kivuli huelekea kusini na kufikia takribani sentimita 64. Mwishoni mwa Desemba hugeuka kuelekea kaskazini, kikiwa na sentimita 25 hivi. Mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba karibu kitoweke, kwa kuwa jua huwa utosini.

Vipimo hivyo vikiandikwa daftarini mwaka mzima, mtoto ataona mwenyewe kuwa mwezi Juni jua huwa limehamia mbali kaskazini. Hapo ndipo mwalimu huongeza sababu ya pili ya baridi, yaani mwinuko: mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Somo la chungwa

Chungwa husimama badala ya tufe. Mabara yakichorwa juu yake kwa kalamu, kisha likazungushwa polepole mbele ya tochi ndani ya chumba chenye giza, usiku na mchana huonekana. Tanzania ikiwa saa 6 mchana, Peru huwa saa 10 alfajiri.

Baadaye chungwa limenywe na maganda yabanwe mezani. Yatachanika, kwa sababu umbo la mviringo halilali bapa bila kuharibika. Ndiyo maana ramani iliyobuniwa na Mercator mwaka 1569 huivuta mno nchi iliyo karibu na ncha ya dunia. Humo Greenland huonekana kukaribia ukubwa wa Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland mara 14 hivi.

Kufuata maji

Zoezi la mwisho ni kufuata mto. Maji ya nyanda za Lupembe huteremka hadi bonde la Kilombero. Mto Kilombero ukikutana na Luwegu hufanya Rufiji, unaomwaga maji Bahari ya Hindi mkabala na kisiwa cha Mafia. Watoto wakilichora bonde hilo kwa udongo na kumimina maji, wataelewa kwa nini utunzaji wa vyanzo vya maji Njombe unamhusu pia mkulima wa Rufiji.

Mazoezi haya hayaondoi haja ya vitabu, ramani na tufe shuleni. Hata hivyo, mwalimu hana sababu ya kusubiri vifaa hivyo vifike ndipo aanze. Fimbo ikisimikwa leo, kipimo cha kwanza kitapatikana mchana huu huu.