Jiwe la Risasi: Ulijue Mbele ya Kulishika



Kule Kipushi, katika mgodi uliofungwa mwaka wa 1993 na kuanza tena kutoa zinki katika 2024, jiwe la risasi linapatikana pamoja na zinki na shaba. Jina lake ni galena. Ni jepesi kutambua: lina rangi ya majivu, linang'aa kama chuma, uzito wake ni mara 7 na nusu ule wa maji, na ukilipiga linavunjika vipande kama visanduku vidogo.

Wataalamu wanapanga mawe kwa jamaa, kufuatana na kitu kilichoungana na madini ndani yake. Galena ni risasi pamoja na sulfuri, basi ni ya jamaa ya sulfidi. Kilo 10 za galena safi zina risasi zaidi ya kilo 8 na nusu. Karibu na uso wa ardhi, hewa na maji ya mvua vinaigeuza pole pole. Inakuwa anglesiti, ya jamaa ya sulfati, ao serusiti, ya jamaa ya kaboneti. Hizi mbili mara nyingi ni nyeupe ao za kijivu, na mtu anaweza kuzidharau.

Usizidharau! Galena inayeyuka kidogo tu ndani ya tumbo. Serusiti inayeyuka upesi, na risasi yake inaingia katika damu. Katika mwaka wa 2010, kule Zamfara, Nigeria, watu walisaga mawe ya dhahabu nyumbani. Mawe yale yalikuwa na risasi, na nyingi ilikwisha kugeuka kaboneti. Watoto zaidi ya 400 walikufa.

Hata galena ina hatari: vumbi lake laini linaingia mapafuni, na ikichomwa inatoa moshi wa sumu.

Alama za ugonjwa ni hizi: tumbo kuuma sana, choo kufunga, damu kupungua, mikono kulegea. Kwa mtoto, risasi inaharibu akili, hata kama alama hazionekani.

Basi shika haya:

1. Lowesha jiwe mbele ya kulivunja, na vaa maski yako.

2. Usile wala kuvuta tumbaku penye vumbi. Mbele ya kugusa bukari, nawa mikono na uso kwa sabuni.

3. Acha salopeti na viatu kazini. Kama salopeti inafuliwa nyumbani, mama asiikung'ute. Ailoweke peke yake, mbali na nguo za watoto.

4. Usilete mawe nyumbani, hata kwa mchezo wa watoto. Usiyatwange katika kinu cha chakula.

5. Ukiona alama, enda kwa munganga upesi. Mwambie kazi unayofanya, apate kupima risasi katika damu.

Peleka nyumbani mshahara wako. Vumbi la risasi, liache kazini.